Mtoto Waliyemleta Kupimwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika kifaa chochote. Nilifundishwa kusalimia.

Zahanati ilikuwa ya kanisa, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye migomba na unawasikia ng'ombe kabla hujawaona. Mimi ni Mmeru wa upande wa pili wa mlima. Nilikuwa na darasa la saba na mafunzo mafupi ya uhudumu wa afya, yaani kazi ya ngazi ya chini kabisa katika chumba cha matibabu: kufagia, kuchemsha vifaa, kupima uzito na joto, kumshika mtoto sindano inapokuja. Watu hutuita manesi nasi tunaitika. Lakini manesi wana vyeti vyao, na sipendi kuvaa kofia ya mwenzangu.

Msimamizi wetu alikuwa Sista Mkuu, mama mrefu mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele. Alinikuta nimesimama kando ya mizani.

“Kwenu mtoto anamsalimiaje mtu mzima?”

“Anasema shikamoo, Sista.”

“Huku shikamoo wanaisemea shuleni. Nyumbani mtoto analeta kichwa. Njoo uone.”

Mlangoni palikuwa na mama wa Kiarusha na binti yake. Sista alisogea, binti akainamisha kichwa, naye akamwekea kiganja utosini taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani. “Takwenya,” alisema. “Iko,” binti akajibu. Ndivyo Waarusha wanavyosalimiana na watoto tangu zamani: mtoto huinama, mkubwa humgusa utosi, maneno yanafuata.

“Sasa niambie,” Sista akanigeukia. “Nimejua nini?”

“Umemsalimia.”

“Nimejua hana homa. Nimejua ana mapunye nyuma ya sikio. Nimejua shingo yake haijakakamaa. Na nimejua ananiogopa, kwa hiyo moyo wake ukienda mbio sasa hivi sitauamini, nitamwacha akae kwanza. Usimpime kamwe mtoto ambaye hujamsalimia. Unanisikia, Mmeru wewe?”

Nilimsikia. Kwa miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kumpandisha mtoto kwenye mizani kabla kiganja changu hakijagusa kichwa chake, awe Mwarusha, Mchaga au Mhindi wa mjini. Wazazi wengine walidhani nawaombea watoto wao. Niliwaacha wadhani.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii leo, na zaidi juu ya sehemu moja tu ya kazi: kupima watoto wanaokwenda shule. Mtoto anapoanza darasa la kwanza, anapochaguliwa kidato cha kwanza, anapokwenda kambi ya michezo au ya kanisa, hutakiwa apimwe afya. Siku hizi naona vijana wanaifanya kazi hiyo kwa haraka. Mtoto anaulizwa “Unaumwa popote?” naye anasema hapana, muhuri unapigwa, na mwingine anaitwa. Nikiona hivyo mwili wangu hushtuka bado, kama mtu aliyesikia breki za lori. Nitaeleza kwa nini.

Sisi tulipima hivi. Baada ya salamu, uzito na kimo. Kisha macho: mtoto husimama mbali na chati yenye herufi zilizogeuzwa huku na huku, hufunika jicho moja na kuonyesha kwa vidole herufi imeelekea wapi. Kisha unavuta kope ya chini. Ikiwa nyeupe badala ya nyekundu, damu ni pungufu. Masikio, koo, meno. Meno ya watoto wetu wengi yana madoa ya kahawia kwa sababu ya madini yaliyomo kwenye maji ya mlima huu, na wageni waliokuja kutusimamia walishtuka kila mara. Mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa kunong'ona, “Hawa wote wanavuta sigara?” Nilimfunulia meno yangu mwenyewe. Akaomba radhi.

Baada ya meno, mtoto hulala kitandani na tabibu humbonyeza tumbo chini ya mbavu za kushoto kutafuta bandama, maana bandama likivimba hukutana na vidole. La mwisho ni kifua. Sista alikuwa na sheria kwamba nguo zivuliwe, sweta na fulana. Hutausikia moyo juu ya sufu, alisema, utasikia sufu. Miezi ya baridi nilikuwa nawasha jiko la mkaa nje mpaka mkaa ushike wote, kisha naliingiza ndani na kufungua dirisha. Kile kidude cha kusikilizia moyo nilikishika kiganjani kwanza kipate joto, mtoto asiruke.

Kutoka pale nilihamishiwa mjini, kwenye kituo cha afya. Nilipanga chumba mtaa wa Kaloleni nikawa natembea kwa miguu kwenda kazini. Bosi wangu hapo alikuwa Matroni, mama wa Kimachame mwenye maneno mengi. Kila msimu wa mashindano ya shule alituletea wanariadha na wacheza mpira ukumbi ukajaa.

“Vueni viatu, mstari mmoja!” alipaza sauti akininyooshea mimi kidole. “Msiogope, Mama Eliya hajafa kwa harufu bado.”

“Matroni, huyu miguu yake ndiyo itamuua!” vijana walitaniana wakisukumana. “Mpimeni wa mwisho!”

Lakini Matroni akifika kifuani mizaha ilikwisha. Aliniambia, “Mtoto wa kukaa darasani moyo wake unaweza kumsamehe. Huyu wa kukimbia haumsamehe. Huyu mpime mara mbili.” Tuliwakuta wawili watatu kwa msimu wenye sauti isiyo ya kawaida, wakapelekwa hospitali kubwa, na wengi walirudi wakiwa wazima. Mmoja alirudi na cheti cha kutokimbia akalia ukumbini mpaka tukashindwa kuendelea na kazi. Matroni alimpa filimbi. Mwaka uliofuata kijana huyo alikuwa mshika saa kwenye mbio, na mkali kuliko walimu.

Nimelisimulia hilo kwa sababu maalumu. Kwetu sisi wapimaji lilikuwa jambo dogo, la kawaida: mtoto akikutwa mgonjwa, anatibiwa, anasoma, ila hakimbii. Halikunijia kabisa kwamba kuna watu hawakulijua.

Baadaye nilipelekwa zahanati nyingine chini ya mlima, karibu na shule ya bweni ya wasichana. Jina la mahali naliacha, maana wenyewe wapo hai. Aliyekuwa na dhamana ya zahanati ni tabibu mwanaume wa Kilimanjaro, cheo chake Mganga Mfawidhi. Alikuwa mtu wa masihara, lakini alifuata sheria zote za Sista Mkuu bila kumjua. Kila Januari wasichana wa kidato cha kwanza walipimwa makwao na kuja na karatasi zao, ila wachache waliofika bila kupimwa waliletwa kwetu.

Mwaka ninaousema, alikuja mama mmoja wa Kiarusha na binti yake kabla shule hazijafunguliwa. Walitoka mbali, upande wa magharibi, na njiani walikuwa wamezipita zahanati mbili. Mganga aliwauliza mbona wamejisumbua hivyo. Mama akasema wanakwenda kuiona shule, wakaona wamalize yote. Lilikuwa jibu zuri.

Binti aliinamisha kichwa. Niliweka kiganja. Utosini, kushoto kidogo, palikuwa na kovu laini lisilo na nywele, kama ukucha wa kidole gumba.

“Pole, mwanangu. Hapa ulifanywa nini?”

“Uji wa moto, nikiwa mdogo.”

“Unaitwa nani?”

Alimtazama mama yake. “Nasieku.”

Nilidhani ni aibu. Watoto wa huko hawapendi kujitaja majina mbele ya wakubwa.

Alipimwa kila kitu, kikawa sawa. Mganga alisikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia apige push-up kidogo, akasikiliza tena.

“Aisee, mama,” alisema, “moyo wa huyu ukiufunga ukutani utajua nao saa za kuswali. Kama saa! Amekula nini?”

Mama hakucheka. Alishukuru mara nyingi sana, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, akaondoka upesi. Mimi nilikuwa na desturi ya kumpa pipi mtoto aliyemaliza, nikampa binti. Aliishika mkononi bila kuila.

Shule zikafunguliwa. Hazikupita wiki nyingi.

Mnajua mchakamchaka: wanafunzi wa bweni huamka alfajiri, hupanga mistari, hukimbia barabarani wakiimba. Asubuhi moja, nikiwa namwagia maji maua ya zahanati, pikapu ya shule iliingia kwa kasi na mwalimu wa zamu akaruka kabla haijasimama. Nyuma wasichana wawili walikuwa wamemshikilia mwenzao ameketi. Hakuweza kulala chali. Alipolazwa alihema kama mtu anayezama majini. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na mapovu ya rangi ya waridi yalitoka pembeni.

“Jina?” Mganga aliuliza akivaa kile kidude masikioni.

“Nasieku,” mwalimu akajibu. “Mlimpima hapa hapa, daktari. Karatasi yake mlisema mzima. Tukamkimbiza na wenzake!”

Mganga alitulia. Aliweka sikio la kidude kifuani, akasogeza, akasogeza tena. Nilimfahamu, sikuwahi kuona uso wake vile. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua mlango wa nyumbani kwake akakuta chumba cha watu wengine.

“Moyo huu sijawahi kuusikia,” alisema polepole. “Ubovu wa huu mtu anausikia hata akiwa amelewa. Mama Eliya. Umemsalimia?”

Sikuwa nimemsalimia. Kulikuwa na haraka. Nikaweka kiganja utosini kwa msichana yule, kati, kushoto, kulia. Nywele zilikuwa zimenyolewa kwa utaratibu wa shule na kichwa kilikuwa kimelowa jasho la baridi. Kilikuwa laini kote, hakina alama.

“Hana kovu,” nilisema.

Tulitazamana. Sijui niliandikeje jambo hili. Watu wawili wazima, kila mmoja kwa njia yake, tulijua kwa wakati mmoja kwamba mtoto huyu hatujawahi kumwona.

Tulimketisha kwa mito, Mganga akampiga sindano ya kukausha maji kwenye mapafu, tukapiga simu kutafuta gari la wagonjwa. Pumzi ilimrudia kidogo. Alifumbua macho akamtazama mwalimu, kisha mimi, na akachagua kusema na mimi.

“Nesi, msinirudishe nyumbani.”

“Tulia, mwanangu.”

“Niacheni nimalize muhula tu. Sitakimbia tena. Nitafua nguo za wenzangu wakikimbia.”

“Siku ile alikuja nani hapa?” nilimwuliza taratibu.

Nilidhani ataogopa. Badala yake alitabasamu, tena kwa fahari, kama mtu anayemtaja ndugu yake mwanajeshi.

“Upendo. Mdogo wangu. Yeye ni mzima sana.” Akavuta pumzi. “Alisema ulimpa pipi. Aliipasua akaniletea nusu.”

Mwalimu wa zamu alitoka nje. Nilimsikia akilia kwenye kona ya nyumba kwa sauti ya mwanaume asiyezoea.

Gari la wagonjwa lilichelewa, na mama yake aliyeitwa kwa simu ya jirani alifika kabla yake, kwa bodaboda, amembeba Upendo kati yake na dereva. Upendo alishuka. Na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyefunzwa vema, katikati ya yote yale alinijia akainamisha kichwa. Niliweka mkono. Kovu lilikuwa pale pale.

Walikuwa na kimo kimoja. Upendo alikuwa mdogo, lakini ugonjwa ulikuwa umemdumaza dada yake wakawa kama pacha.

Mganga Mfawidhi hakugombeza. Alimketisha mama kwenye benchi akachuchumaa mbele yake.

“Mama, huyu mkubwa mlijua anaumwa?”

“Tulijua. Alianza na koo, mafindofindo, kisha viungo vikavimba, kisha akawa hawezi kupanda mlima. Hospitali walisema ni moyo. Wakasema arudi kila mwezi achomwe sindano. Tulirudi, kisha tukaacha, alionekana anaendelea vizuri.”

“Sasa kwa nini ukatuletea mdogo wake?”

Mama alimtazama kama anayeulizwa kwa nini jua hutoka.

“Kwa sababu Nasieku asingepita. Baba yao alisema: mnadani daktari wa mifugo akimwona ng'ombe mmoja anakohoa, hamrudishi yule mmoja tu. Anarudisha kundi. Tungemleta Nasieku mngemkataa shule, na mwakani Upendo naye mngesema, huyu ni wa nyumba ile. Mtoto amefaulu, daktari. Nyumba yetu hakuna aliyewahi kufaulu. Tukampeleka aliye mzima apite kwa niaba.”

Mganga alifunika uso kwa viganja. Kisha alisema maneno ambayo mimi nayasikia hadi leo nikiosha vyombo.

“Mama, hapa hatukatai mtoto. Ningesikia moyo wake, ningeandika asikimbie, asibebe ndoo, achomwe sindano yake kila mwezi kwa nesi wa shule. Basi. Ningepiga muhuri.”

“Angesoma?”

“Angesoma.”

“Na moyo huo huo?”

“Na moyo huo huo. Sikudanganyi, sijui angeishi miaka mingapi. Lakini angesoma, na leo asubuhi asingekimbia.”

Yule mama alimgeukia Upendo, akaugeukia mlango ambao Nasieku alikuwa nyuma yake, akanigeukia mimi. Alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia kwamba si kweli. Nimeshuhudia vifo vingi, na nimemzika mume wangu na Sista Mkuu wangu, lakini sijaona mshtuko kama ule. Kulikosekana neno moja tu, neno ambalo sisi tulilijua kiasi cha kutoona haja ya kulisema.

Nasieku alifikishwa hospitali kubwa akiwa hai. Alifariki siku iliyofuata, mama yake akiwa amemshika miguu.

Nilikwenda kuzika, na Mganga pia. Tulikaa nyuma. Baba wa marehemu alitujia baada ya udongo, mzee mwenye rungu mkononi na shuka begani.

“Daktari,” alisema, “wewe unaongea vizuri. Njoo mnadani ukawaambie wanaume hilo ulilomwambia mke wangu. Mimi wataniona ninajitetea.”

Tukaenda. Siku ya mnada wa ng'ombe, Mganga Mfawidhi alipanda kwenye lile jukwaa la kupakilia mifugo kwenye malori, amevaa koti lake jeupe, mimi nimesimama chini nimeshika mizani ya watoto wachanga kama ushahidi.

“Daktari, unanunua au unauza?” mmoja alipiga kelele, watu wakaangua kicheko.

“Nauza habari,” alijibu. “Bei yake ni kunyamaza kidogo.”

“Sema, lakini usituchome sindano!”

Akawaambia. Kwamba mtoto si ng'ombe wa mnadani. Kwamba ninyi mnaleta ng'ombe mzima ili auzwe, lakini kwetu mlete mtoto mgonjwa ili akae shuleni. Kwamba kupimwa hakumchagui mtoto wala kumkataa. Kisha baba yake Nasieku alisogea mbele bila kuitwa. Alisema kwa Kimaasai maneno machache nisiyoyaelewa yote, na kicheko kikafa uwanja mzima, mpaka nikawasikia ng'ombe wakitafuna. Wanaume walivua kofia. Siku hizo kofia za pama zilikuwa nyingi pale, na nakumbuka vichwa vile vyote vilivyonyolewa, vimeinama kidogo, kama vinasubiri mkono.

Tangu hapo niliongeza hatua moja katika kazi yangu, na ninawaomba muichukue. Kabla ya salamu ya mtoto nilimwambia mzazi, mlangoni, hata kama alikuwa profesa: “Hapa hatumkatai mtoto. Niambie anachoumwa, tumsaidie asome.” Wengine walikasirika. Mama mmoja wa mjini, mwenye gari, alinijibu, “Mwanangu haumwi kitu, kwani umeona nini?” Nilimpima mwanawe na kweli hakuumwa. Lakini nimeona pia midomo ikianza kutetemeka kwa neno hilo. Nimeambiwa kifafa kilichofichwa tangu utotoni. Nimeambiwa sikio lisilosikia, kikojozi, mkojo wenye damu, mtoto anayeanguka akikimbia. Kila mara nilishtuka upya. Sikushtushwa na ugonjwa. Nilishtushwa na jinsi ambavyo siri ilikuwa karibu na mlango, ikingoja iulizwe tu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Terrat. Ni tambarare kule, kavu, vumbi jingi, mlima unauona wote kwa mbali. Nilistaafu nikiwa na miaka sitini kama wenzangu, kwa chai na vitumbua na hotuba ya Mganga Mfawidhi mwingine, kijana, aliyenisifu kwa mambo mengine ambayo sikuyafanya. Sasa nipo Kaloleni tena. Vifaa vyenu ni bora kuliko vyetu, siwadanganyi. Kuna mashine za kuuona moyo ukipiga kwenye kioo. Nafurahi. Ila mashine huuona moyo ulioletwa. Hilo tu ndilo ninalolijua ambalo sikulisoma.

Nimalizie na wiki yangu ya mwisho kazini, maana bila hiyo nisingekuwa na nguvu ya kuandika haya.

Asubuhi moja mama kijana aliingia na binti mdogo wa kuanza darasa la kwanza. Nilifungua kinywa niseme maneno yangu ya mlangoni. Hakunipa nafasi.

“Shikamoo, mama. Huyu ni wangu, anaitwa Nasieku. Anakohoa sana akicheza, na mafindofindo yanamrudia kila mara. Nimekuja kwako makusudi, niliambiwa upo huku. Nataka asikilizwe moyo kabla ya kitu chochote, halafu muandike kila mtakachokikuta.”

Yote kwa pumzi moja, kama mtu aliyekuwa akiyafanyia mazoezi kwa miaka. Kisha, mtu mzima yule mwenye kilemba kizuri, alivua kilemba chake, akainama, akaniletea kichwa.

Sikuhitaji kuuliza. Kiganja changu kilikwenda chenyewe, kushoto kidogo.

“Upendo,” nilisema.

“Ndiyo, mama.”

“Na huyu ndiye mwenyewe?”

“Ndiye mwenyewe.”

Nilimsalimia mtoto. Hakuwa na homa. Tabibu alimvua fulana akausikiliza moyo, mbele, nyuma, akamwambia aruke-ruke, akasikiliza tena, na sisi wawili tukasimama pale kama watu wanaosubiri hukumu. Moyo ulikuwa safi. Mafindofindo aliyaandikia dawa, akamwambia Upendo asiache kumleta kila yanaporudi, hata kama anaonekana anaendelea vizuri.

“Sitaacha,” alisema Upendo.

Nikampa mtoto pipi. Aliigeuza-geuza mkononi, akamtazama mama yake kuomba ruhusa.

“Kula,” Upendo akamwambia. “Kula yote.”

Akaitia yote mdomoni, shavu likavimba.